Kijiji cha Storrs na Mlinda Kikapu wa Makongo

Mtu wa Bweyeye haelezwi maana ya kukaa mbali. Ukiiacha barabara ya Huye kwenda Rusizi pale Pindura, unaingia ndani ya Nyungwe: miti kulia, miti kushoto, ukungu mbele, hadi utokeze kwenye sekta ambayo upande mmoja imeshikwa na msitu na upande wa pili na mpaka wa Burundi. Mwambie mzee wa huko kwamba kijiji cha namna hiyo kinaweza kuwa na timu ya kikapu inayotikisa Marekani nzima. Atacheka, kisha atakuuliza: vijana warefu mtawatoa wapi? Ni swali zuri. Watu wa Storrs, katika jimbo la Connecticut, walijiuliza hivyo miaka mingi, na jibu lao mojawapo walilipata Dar es Salaam.

Storrs ni kijiji kweli. Kiko kwenye vilima vya mashariki mwa jimbo, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka mji mkuu, Hartford, katikati ya mashamba na mazizi. Ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, walitoa ekari 170 ili jimbo lifungue shule ya kilimo, na mwaka 1881 shule hiyo ikaanza kupokea vijana. Ilibadilishwa jina mara kadhaa, kila jina likiwa na heshima zaidi ya lililotangulia, mpaka mwaka 1939 ikawa Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wapenzi wake hukiita UConn kwa mkato. Ng'ombe hawakuondoka. Chuo bado kinafuga, na aiskrimu ya maziwa yake ina foleni inayokaribia ile ya tiketi za kikapu.

Kikapu chenyewe kilianza kuchezwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na timu ikiitwa kwa jina la wakulima. Mwaka 1934 wanafunzi walipiga kura wakachagua mbwa wa husky, yule wa nchi za theluji, awe nembo yao. Wako wanaosema jina hilo lilitokana na UConn kusikika kama Yukon, eneo la Kanada ambako mbwa hao huvuta sleji. Hadithi tamu, ila kalenda inaikataa: mwaka 1934 chuo kilikuwa hakijaitwa chuo kikuu, kwa hiyo hapakuwa na UConn ya kufananishwa na chochote.

Kwa miongo mingi Huskies walikuwa timu ya mkoani. Walishinda majirani, walitambulika nyumbani, wakasahaulika ng'ambo ya mto. Mwaka 1979 waliingia katika ligi mpya ya Big East pamoja na vyuo vya miji mikubwa ya mashariki, wakageuka ngazi ya kupandia wenzao. Mwaka 1986 akaajiriwa Jim Calhoun, kocha kutoka Boston, mtu mkali na mkaidi, ambaye mkutano wake na waandishi ulikuwa mchezo wa pili baada ya mchezo. Msimu wake wa kwanza alishinda mara 9 akapoteza 19. Msimu uliofuata alitwaa NIT, lile kombe la pili kwa hadhi la vyuo, na Januari 1990 kijiji kikapata ukumbi wake, Gampel, wenye paa la kuba na viti zaidi ya 10,000. Msomaji wa Rwanda anaweza kupima kwa macho: ni ukubwa wa ule ukumbi wa Kigali uliofunguliwa Agosti 2019. Tofauti ni kwamba wa Kigali umejengwa jijini, huu ulijengwa karibu na mazizi.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa kasi. Machi 1990, ikiwa imebaki sekunde moja, Tate George alidaka pasi iliyovuka uwanja mzima, akageuka na kufunga kikapu kilichowatoa Clemson. Mwaka 1999 wakachukua ubingwa wa taifa mbele ya Duke, 77–74. Mwaka 2004 wakachukua tena mbele ya Georgia Tech, 82–73, nguzo yao akiwa Emeka Okafor, mtoto wa wazazi Wanigeria, bingwa wa kufuta mitupo ya watu.

Ukitazama orodha za wachezaji wa miaka hiyo utaona siri ya Calhoun. Hakuwa na jiji la kuokotea vijana, kwa hiyo alitazama mbali. Nadav Henefeld alitoka Israeli. Souleymane Wane, aliyekuwamo katika kikosi cha ubingwa cha 1999, alitoka Senegali. Tena alipenda kujenga timu kuanzia nyuma, yaani kuanzia kwa mtu mrefu anayesimama chini ya ringi. Kwa misimu kadhaa mfululizo timu zake zilikuwa juu kabisa Marekani kwa bloku. Okafor alipoondoka, nafasi hiyo ilihitaji mwenyewe.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alisoma Makongo, sekondari ambayo kila mpenda michezo wa Bongo anaijua. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka 15. Wenzake wa Marekani katika umri huo wanakuwa wameshacheza miaka kumi, wana makocha watatu na jozi tano za raba. Yeye alikuwa na urefu, miguu myepesi, na subira ya mtu anayejifunza ukubwani. Alivuka bahari, akapita shule za California na Mississippi, akatulia Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Storrs akiwa na sentimita 221.

Msimu wake wa kwanza timu ilikuwa ya watoto watupu: ushindi 17, vipigo 14, na Machi, mwezi wa mashindano ya taifa, walibaki nyumbani. Wa pili waliingia kwenye mashindano ya taifa, wakatolewa raundi ya kwanza na San Diego, 70–69 katika muda wa nyongeza, na juu ya hapo nahodha wao wa uchezaji, A.J. Price, akachanika goti katika mchezo huohuo. Naleta habari hizi kwa sababu kikosi cha 2008–2009 hakikushuka kutoka mbinguni. Kilikuwa na watu walewale, walioumizwa pamoja.

Hapo Price alikuwa amerudi na goti lililoshonwa. Jeff Adrien alikuwa mfupi kwa nafasi yake lakini kifua chake kilikuwa ukuta. Stanley Robinson aliruka kama swala. Craig Austrie na Jerome Dyson walikaba nje, na benchi lilikuwa na kijana mgeni wa Bronx, Kemba Walker, mwepesi kuliko wote. Nyuma yao alisimama Thabeet. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuvunja: mabeki hawakuogopa kupitwa. Adui akimpita Austrie, anakutana na mkono uliotoka Tanzania. Wengi waliokuwa wanakimbilia kikapuni walifika hatua ya mwisho, wakatazama juu, wakarudisha mpira nje. Hesabu za bloku hazina safu ya mitupo ambayo haikutupwa, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa.

Walianza msimu wakitajwa timu ya pili kwa ubora nchini. Novemba walitwaa mashindano ya Visiwa vya Virgin. Desemba 20, kule Seattle, waliishinda Gonzaga 88–83 kwa dakika za nyongeza. Desemba 29 Georgetown wakaja na kuwashinda 74–63, wakiwatoa Huskies chini ya ringi kwa kumvuta Thabeet nje, mbali na mahali anapoogopwa. Makocha wengine waliandika daftarini.

Januari ilikuwa yao. Tarehe 24 walikwenda Notre Dame, ambako wenyeji walikuwa hawajafungwa nyumbani michezo 45 mfululizo, wakashinda 69–61. Tarehe 31, dhidi ya Providence, Thabeet alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kupiga bloku 10. Kupata tarakimu mbili katika mambo matatu si jambo la kila wiki. Kuipata ya tatu kwa bloku ni nadra hata katika ligi ya kulipwa. Siku mbili baadaye Huskies walipanda hadi namba moja Marekani, na jioni hiyohiyo wakaichapa Louisville 68–51.

Namba moja ina mzigo wake. Februari 11, wakiwashinda Syracuse 63–49, walimpoteza Dyson kwa jeraha la goti, na timu haikupata mtu wa kuziba pengo lake sawasawa. Tarehe 16 wakaja Pittsburgh, chuo ambacho katika historia yake hakikuwahi kuishinda timu iliyo namba moja. Senta wao, DeJuan Blair, alikuwa mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20, lakini mnene wa mapaja na mabega. Mapema katika mchezo walishikana mikono wakigombea mpira, Blair akainama, na yule mrefu akapita juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh 76, Connecticut 68. Machi 7, Huskies wakiwa wamerudi namba moja, Pittsburgh waliwashusha tena, 70–60. Wanaosema urefu ni kila kitu hawajaona mieleka hiyo. Mwisho wa msimu Big East iliona ni vyema kugawa tuzo ya mchezaji bora wa ligi: nusu kwa Blair, nusu kwa Thabeet.

Katikati ya vipigo hivyo viwili, Februari 25, Calhoun alipata ushindi wake wa 800 nyumbani kwa Marquette. Siku chache kabla, mwanaharakati mmoja alimwuliza mbele ya kamera kuhusu mshahara wake, zaidi ya dola milioni 1.5, wakati jimbo lilikuwa na nakisi ya bajeti na uchumi wa dunia umeanguka. Kocha alifoka, na majibu yake yalisambaa kuliko matokeo ya mchezo. Nadhani swali lilikuwa halali. Mtumishi wa umma anayelipwa kuliko gavana hana budi kuulizwa, hata kama ameshinda mara 800.

Kisha ukaja usiku wa Machi 12. Robo fainali ya ligi, Madison Square Garden, New York, Syracuse upande wa pili. Muda wa kawaida uliisha 71–71. Eric Devendorf wa Syracuse alikuwa ametumbukiza mpira wa pointi tatu mwishoni kabisa, akapanda meza ya watangazaji kushangilia, na waamuzi wakatazama picha wakaona taa ilishawaka kabla mpira haujatoka kidoleni. Dakika tano za nyongeza. Sare. Tano nyingine. Sare. Ilifika nyongeza ya sita. Katika tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Kila mara Connecticut walitangulia na kila mara walifikiwa. Faulo zilianza kuwala wachezaji, wanane kwa jumla ya pande zote. Adrien alitoka. Thabeet alitoka. Price alifunga 33 na bado haikutosha. Jonny Flynn, beki mdogo wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70.

Syracuse 127, Connecticut 117. Mchezo ulichukua saa 3 na dakika 46. Saa ya New York ilionyesha dakika 22 baada ya saa saba usiku. Dar es Salaam ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi, madaladala yameshapakia na kushusha abiria wa kwanza. Bweyeye saa moja na dakika 22, ukungu unaanza kuinuka juu ya miti. Kwa tofauti hiyo ya saa, ule mchezo ulikuwa wa tarehe moja kwetu na wa tarehe mbili kwao. Wamarekani wameutunza kama urithi, na ni mmoja tu katika daraja la juu la vyuo ulioupita kwa urefu, ule wa nyongeza saba wa mwaka 1981.

Waliotazama kwa jicho la kitabibu walisema miguu ya Huskies haitapona kabla ya mashindano ya taifa. Timu 65 zilipangwa, na Connecticut wakapewa nafasi ya kwanza katika kanda ya Magharibi. Machi 19, kule Philadelphia, Calhoun hakutokea benchini. Alikuwa hospitali kwa kupungukiwa maji mwilini. Msaidizi wake wa siku nyingi, George Blaney, aliongoza timu, na Chattanooga wakafungwa 103–47. Siku mbili baadaye kocha alirudi, Texas A&M wakalala 92–66. Miguu ilikuwa imepona.

Huko Glendale, Arizona, kwenye raundi iliyofuata, hali ya hewa ilikuwa nzito kwa sababu nyingine. Mkesha wa mchezo wa Purdue, Yahoo ilichapisha uchunguzi juu ya namna chuo kilivyomwandama mchezaji mmoja aliyekuwa akitafutwa. Suala hilo lilikuja kuishia kwa adhabu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2011, pamoja na Calhoun kufungiwa michezo mitatu. Historia ya taasisi ikiandikwa bila ukurasa huu inakuwa tangazo la biashara. Ukurasa wenyewe haukuwahusu vijana waliokuwa uwanjani, na walicheza kama watu wasiosoma magazeti: Purdue 60, wao 72. Kisha Missouri, timu iliyokuwa inakaba uwanja mzima kuanzia filimbi ya kwanza. Hapo Price alihitaji msaada wa kubeba mpira, na Kemba Walker, yule mgeni wa benchi, akafunga pointi 23. Ushindi ulikuwa 82–75. Connecticut walikuwa miongoni mwa timu nne za mwisho.

Nusu fainali ilichezwa Aprili 4, 2009, Detroit, ndani ya uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mbele ya watu 72,456. Wapinzani walikuwa Michigan State, chuo kilicho kwenye jimbo hilohilo. Ulikuwa mwaka ambao viwanda vya magari vya Detroit vilikuwa vinakata roho. General Motors ilitangaza kufilisika miezi miwili baadaye. Mji uliokosa mishahara ulipata timu ya kuishangilia, na nusu ya uwanja ilivaa kijani.

Kocha wao, Tom Izzo, alikuwa ameisoma Connecticut vizuri. Hakumshambulia Thabeet, alimkimbia. Kila mpira uliodakwa ulirushwa mbele papo hapo, na wachezaji wa kijani walifika kikapuni kabla mlinzi hajavuka nusu ya uwanja. Izzo alikuwa na benchi refu na alilitumia lote, huku Calhoun, bila Dyson, akiwa na watu saba hivi. Kipindi cha pili Durrell Summers alipaa akadanki juu ya Stanley Robinson, na sauti ya watu 72,000 ikaufunga mjadala. Michigan State 82, Connecticut 73. Siku mbili baadaye Michigan State nao walisagwa na North Carolina, 89–72.

Basi msimu ulifungwa kwa ushindi 31 na vipigo 5. Thabeet alimaliza na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo, akiwa mlinzi bora wa taifa. Kwa miaka mitatu alipiga bloku 417 akiwa na jezi ya Storrs. Ni Okafor peke yake aliyempita hapo, kwa 441.

Chuo hakikukosa kombe mwaka huo. Aprili 7, St. Louis, wasichana wa Geno Auriemma, Maya Moore, Tina Charles na Renee Montgomery wakiwamo, waliwashinda Louisville 76–54 wakamaliza msimu michezo 39 bila kupoteza hata mmoja, na kila ushindi ukiwa wa pointi 10 au zaidi. Ukipima kwa matokeo, timu kubwa ya Storrs mwaka 2009 ilikuwa hiyo, na wanaume walikuwa wadogo zao. Sisi wa huku tulitazama wanaume kwa sababu ya Makongo, na sioni haja ya kuona haya.

Juni 25 timu za NBA zilichagua wachezaji wapya, na majina yaliitwa New York, katika ukumbi ulio ndani ya jengo lilelile la Madison Square Garden. Blake Griffin aliitwa wa kwanza. Wa pili, kwa Memphis Grizzlies, aliitwa Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Dar es Salaam ilikuwa imeshapita saa nane usiku. Maisha yake kule hayakuwa rahisi, alihamishwa timu baada ya timu. Wamarekani wengi wameamua kumkumbuka kwa hilo, kana kwamba miaka mitatu ya Storrs ilichezwa na mtu mwingine.

Bila yeye, Price na Adrien, Connecticut walianguka: ushindi 18, vipigo 16. Kemba Walker alibaki. Mwaka 2011 walishinda naye michezo mitano kwa siku tano katika mashindano ya Big East, kwenye sakafu ileile ya nyongeza sita, kisha sita mingine ya taifa. Fainali ilichezwa Houston, mji ambako Thabeet alimalizia sekondari, na wakati huo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Houston Rockets. Tarehe ilikuwa Aprili 4, miaka miwili kamili baada ya Detroit. Butler walitupa mara 64, wakafunga 12. Connecticut 53, Butler 41.